Je, maisha ya Kaunti ya Montgomery, Maryland, yanastahili gharama zake?

Swali: kutoka Baltimore

Ndugu zangu, natanguliza salamu. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka sita sasa tunaishi Baltimore mimi, mume wangu, watoto wetu wawili wenye umri wa miaka saba na kumi na mitatu, na mama yangu mzazi, ambaye alijiunga nasi mwaka jana. Nimepata kazi katika hospitali iliyoko Kaunti ya Montgomery, na kwa kuwa zamu zitakuwa za saa kumi na mbili, kuanzia saa moja hadi saa moja, sitaweza kuendesha gari maili arubaini kwenda na nyingine arubaini kurudi. Tunafikiria kuhama kabla mwaka mpya wa shule haujaanza.

Kila ninayemuuliza anasema kwamba huko ni kwa wenye nazo. Wengine husifu shule, bustani na utulivu, na wengine hunionya kwamba nitafanya kazi usiku na mchana kulipia nyumba nisiyopata hata muda wa kukaa ndani yake. Naamini pande zote mbili zinasema kweli, lakini hazinisaidii kuamua. Tuna akiba tuliyoiweka kwa ajili ya malipo ya awali ya nyumba, na mume wangu anaona kwamba tukikopa hadi mwisho wa uwezo wetu tutapata nyumba yenye ua, watoto wacheze. Mimi nasita. Mama haendeshi gari, Kiingereza chake ni cha salamu tu, na tangu afike amekuwa akishinda ndani, akitusubiri turudi.

Nawaomba mnaoishi huko mnieleze siku ya kawaida ilivyo: mnavyokwenda kazini, watoto wanavyosoma, na mzee asiye na gari anavyoishi. Sifa za kaunti nimeshazisikia.

Jibu la kwanza: mpangaji, Silver Spring

Dada yangu, karibu, na mfikishie mama shikamoo yangu. Nimepanga Silver Spring kwa miaka kumi na miwili, katika majengo mawili tofauti, kwa hiyo nitakueleza kwa jicho la mpangaji.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Montgomery si mahali pamoja. Sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni moja na sitini elfu, na hakuna kaunti nyingine ya Maryland yenye watu wengi zaidi. Takribani theluthi moja ya wakazi walizaliwa nje ya Marekani. Watu wanaposema kwamba ni kaunti ya matajiri, mawazo yao yako Potomac, Bethesda na Chevy Chase, upande wa magharibi na kusini, ambako nyumba moja yaweza kumaliza mishahara ya maisha yako yote ya uuguzi. Lakini kaunti hiyo hiyo ina Wheaton, Silver Spring, Gaithersburg na Germantown, ambako ukiingia dukani unasikia Kihispania, Kiamhari, Kifaransa cha Wakameruni na, ukiwa na bahati, Kiswahili. Kwa hiyo, kabla hujauliza kama kaunti ni nzuri, chagua kwanza ni sehemu gani ya kaunti unayoizungumzia.

Jambo la pili ni reli. Njia nyekundu ya Metro huingia katika kaunti kwa mikono miwili: mmoja hupitia Bethesda na Rockville hadi Shady Grove, na mwingine hupitia Silver Spring na Wheaton hadi Glenmont. Mikono hiyo haikutani ndani ya kaunti, inakutana mjini Washington, D.C., na mtu anayekwenda kutoka Silver Spring hadi Bethesda kwa treni lazima azungukie mjini kwanza. Reli nyepesi inayoitwa Purple Line, yenye urefu wa maili kumi na sita na vituo 21 kutoka Bethesda hadi New Carrollton, ilianza kujengwa 2017 ili kuziba pengo hilo, na ilitarajiwa kuwa imefunguliwa kufikia 2022. Mkandarasi mkuu wa ujenzi aliondoka katikati ya kazi kwa sababu ya mgogoro wa gharama, na tarehe imesogezwa mara kadhaa. Nakushauri usichague nyumba kwa sababu ya kituo ambacho bado hakijapokea treni.

Kwa upande wa mama, sikiliza habari njema. Mabasi ya kaunti yaitwayo Ride On, ambayo yamekuwepo tangu 1975, hayatozi nauli tena tangu katikati ya 2025. Mtu hupanda na kushuka bila kadi wala sarafu, na bila kulazimika kumweleza dereva lolote kwa Kiingereza. Mama yangu mkubwa, aliyekaa nasi miaka minne, alianza kwa kwenda vituo viwili tu na kurudi. Baada ya miezi mitatu alikuwa akienda mwenyewe maktaba, ambako kuna madarasa ya bure ya mazungumzo ya Kiingereza, na huko ndiko alikopata rafiki wa Eritrea ambaye hawakuwa na lugha ya pamoja ila walielewana. Sikudanganyi, hali si hiyo kila mahali: katika baadhi ya njia basi hupita baada ya nusu saa, na njia nyingine hazitembei kabisa Jumapili. Ndiyo maana nasema kwamba umbali kutoka mlangoni hadi kituo cha basi, kwa miguu ya mzee na katika baridi ya Januari, ni muhimu kuliko idadi ya vyumba.

Kuhusu pango, mwaka 2023 baraza la kaunti lilipitisha sheria ya kudhibiti ongezeko la kodi ya nyumba. Mwenye nyumba aliye chini ya sheria hiyo haruhusiwi kupandisha kwa mwaka zaidi ya kiwango cha mfumuko wa bei pamoja na asilimia tatu, na kwa vyovyote isizidi asilimia sita. Aidha, ni lazima akupe taarifa ya maandishi siku tisini kabla. Majengo ambayo hayajatimiza miaka 23 hayaguswi na sheria hiyo, na hapo ndipo wageni wengi hunaswa. Wanavutiwa na jengo jipya lenye ukumbi wa mazoezi na mwezi mmoja wa bure, kisha mwaka wa pili wanapewa ongezeko ambalo hakuna wa kulizuia. Kabla ya kutia saini, uliza jengo lilijengwa mwaka gani.

Jibu la pili: mwenye nyumba, Germantown

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu basi na reli, lakini nisingependa dada avunjwe moyo wa kumiliki nyumba, kwa sababu kuna njia ambayo watu wetu wengi hawaifahamu. Tangu 1974 kaunti hii ina sheria inayomlazimu mjenzi wa mradi mkubwa wa makazi kutenga sehemu ya nyumba zake ziuzwe au zipangishwe kwa bei nafuu kwa familia za kipato cha kati. Kwa sasa sehemu hiyo kwa kawaida ni kati ya asilimia 12.5 na 15 katika miradi ya nyumba ishirini au zaidi. Nyumba hizo hujulikana kwa kifupi kama MPDU, na zimechanganywa ndani ya mitaa ileile ya wanaolipa bei kamili. Sisi tulinunua kwa njia hiyo. Tulihudhuria madarasa ya wanunuzi, tukathibitisha kipato chetu, tukapata barua ya benki, kisha tukasubiri. Mara mbili nyumba tuliyoiomba ilikwenda kwa mwingine, na mke wangu alikata tamaa kabisa. Mara ya tatu tulipata.

Masharti yake yaelewe vizuri. Ni lazima uishi humo mwenyewe, huruhusiwi kuipangisha, na kwa nyumba zinazouzwa chini ya utaratibu wa sasa bei ya kuiuza tena hudhibitiwa na kaunti kwa miaka thelathini. Ukiuza ndani ya muda huo, anayenunua huanza kuhesabu miaka yake upya. Anayetaka nyumba iwe biashara hii haimfai. Sisi tulitaka mahali ambapo watoto wetu wangemaliza shule bila kuhamahama, na tulipapata.

Mume wako namwelewa, maana nami nilitaka ua. Lakini naomba mkae na kalamu mkaandike yote ambayo wenye kuuza hawayataji kwa sauti. Kuna kodi ya majengo, ambayo hukadiriwa upya kila baada ya miaka mitatu. Kuna bima. Kuna ada ya kila mwezi ya chama cha wenye nyumba, na chama hicho kinaweza kukuandikia barua kwa sababu ya rangi ya mlango wako. Theluji ikikoma kuanguka, sheria ya kaunti inakupa saa 24 kuiondoa kwenye njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya nyumba yako, hata kama umetoka zamu ya usiku. Juu ya hayo kuna kodi ya kipato ya kaunti ya asilimia 3.2, inayokatwa pamoja na ya jimbo. Hiyo hutaikwepa, uwe mpangaji au mmiliki, na Baltimore pia mnalipa kiwango hichohicho, kwa hiyo msiione kama hasara mpya.

Bei ya Germantown ni nafuu kuliko ya Bethesda kwa sababu unalipa kwa muda. Barabara kuu ya 270 asubuhi kuelekea kusini ni foleni ya kila siku, na kwa miaka saba nimekula kifungua kinywa changu ndani ya gari. Kwa zamu yako ya saa moja asubuhi utatangulia foleni kidogo wakati wa kwenda, ila zamu ya usiku ikiisha saa moja asubuhi angalia unaelekea upande gani. Ukiwa unaishi kaskazini na kazi iko kusini, utarudi nyumbani ukiwapita waliokwama upande wa pili. Ukipanga kinyume chake, utakaa kwenye foleni ukiwa na usingizi machoni, na wewe muuguzi unajua hatari yake kuliko mimi.

Nikuambie pia kile kinachonifunga hapa. Mwaka 1980 kaunti ilitenga eka 93,000 hivi, karibu theluthi moja ya ardhi yake, ziwe za kilimo na mashamba. Wakulima waliruhusiwa kuuza haki ya kujenga kwa wajenzi wa maeneo mengine ili ardhi yenyewe ibaki shamba. Kwa hiyo nikitoka nyumbani kwa dakika kumi na tano kuelekea Boyds au Poolesville, nakuta mahindi, maharage ya soya na farasi. Wapo wanaosema kwamba uamuzi huo umepandisha bei ya nyumba kwa kupunguza ardhi ya kujenga, na hoja hiyo siwezi kuipuuza. Hata hivyo, mimi ni mtoto wa mkulima. Jumamosi moja nilimpeleka baba yangu huko, akashuka garini, akashika udongo, akasimama kimya muda mrefu. Nikiulizwa ubora wa maisha ni nini, picha hiyo ndiyo inayonijia kwanza.

Jibu la tatu: mzazi, Rockville

Nitajibu kuhusu shule tu. Mfumo wa shule za umma wa kaunti una wanafunzi takribani 160,000, nao ndio mkubwa kuliko wote Maryland. Shule ya mtoto huamuliwa na anwani yenu, na mipaka hiyo hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo msinunue nyumba kwa ajili ya shule moja mkidhani mpaka ni wa milele. Zile alama ambazo tovuti za nyumba huzipa shule hufuata kwa karibu sana kipato cha wazazi, na hazikuonyeshi mwalimu anavyomtazama mtoto wako. Nendeni shuleni, ombeni kuzungushwa, muulizeni mshauri wa wanafunzi ana watoto wangapi na anawasaidiaje wanaohamia kutoka nje ya kaunti.

Mtoto wa miaka saba atazoea ndani ya wiki mbili. Huyo wa miaka kumi na mitatu ndiye anayenipa wasiwasi. Shule zinafundisha vizuri, lakini ushindani ni mkali kuliko wageni wanavyotarajia. Watoto wa umri huo hulinganisha madarasa ya juu waliyochukua kama watu wazima wanavyolinganisha mishahara, na nafasi katika programu maalumu za hisabati, sayansi na lugha ni chache kuliko wanaoziomba. Binti yangu, aliyekuwa wa kwanza katika shule yake ya zamani, alirudi nyumbani wiki ya tatu akasema kwamba yeye ni mjinga. Ilituchukua mwaka mzima kumrejeshea imani yake. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu sisi wazazi tulichangia. Tulimwambia kila jioni kwamba tumehamia hapa kwa ajili yake, na hatukujua kwamba tunamtwika mzigo. Tafadhali msimwambie mwanenu hivyo.

Mambo ya kawaida ni haya. Basi la shule hupewa mwanafunzi wa msingi anayeishi zaidi ya maili moja kutoka shuleni, wa shule ya kati zaidi ya maili moja na nusu, na wa sekondari zaidi ya maili mbili. Aliye ndani ya umbali huo hutembea. Ili kuhitimu, kila mwanafunzi hutakiwa kukamilisha saa 75 za kujitolea katika jamii, na anaweza kuanza kuzikusanya mapema kabla ya sekondari. Binti yangu alizifanya katika ghala la chakula, na nadhani hapo ndipo alipoacha kujipima kwa alama peke yake.

Na usisahau kinachofuata baada ya sekondari. Montgomery College hutoza wakazi wa kaunti ada ndogo kuliko inayowatoza wanaotoka kaunti nyingine za Maryland, na wanafunzi wengi huanzia hapo kisha wakahamia chuo kikuu cha umma. Wewe mwenyewe, ukitaka kuongeza shahada ya uuguzi, kuna kituo cha Shady Grove hapa Rockville ambako vyuo vya umma vya jimbo hufundisha, na uuguzi ni mojawapo ya fani zake.

Muulizaji anarudi

Nimesoma yote mara mbili, na jana usiku nilimsomea mume wangu kwa sauti. Habari ya mzee aliyeshika udongo ilimgusa, na habari ya binti aliyesema ni mjinga ilitunyamazisha sote wawili, kwa sababu maneno hayo ya "tunahama kwa ajili yako" tulikuwa tumeshaanza kuyasema. Tumekubaliana tupange kwanza, mwaka mmoja au miwili, karibu na njia nyekundu, katika jengo la zamani, na akiba yetu tusiiguse hadi tutakapohudhuria hayo madarasa ya wanunuzi.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Mama ana ukaazi wa kudumu lakini hajatimiza miaka mitano, hivyo bima za serikali bado hazimhusu. Je, kuna mahali anapoweza kuonwa na daktari? Pili, mtu ametuonyesha nyumba ya kupanga Takoma Park, ambayo hakuna aliyeitaja.

Jibu la nne: mkazi wa Takoma Park

Shikamoo kwa mama. Kaunti ina mpango uitwao Montgomery Cares, unaowapatia watu wazima wenye kipato kidogo na wasio na bima huduma za msingi katika kliniki kadhaa za jamii. Kipato cha kaya huangaliwa, kwa hiyo pigeni simu kituo cha huduma cha kaunti, namba 240-777-0311 (mkipiga 311 tupu mkiwa Baltimore mtaupata mji wa Baltimore), ombeni mkalimani wa Kiswahili, na muulize kama mama anastahili kabla hamjahama, ili dawa zake zisikatike. Njooni na kumbukumbu zake za matibabu zikiwa zimechapishwa.

Takoma Park ni mji mdogo wenye serikali yake ndani ya kaunti, umepakana na Washington, D.C., na una udhibiti wake wa kodi za pango ulioitangulia sheria ya kaunti kwa miongo kadhaa. Tangu 1992 mji umewaruhusu wakazi wasio raia kupiga kura katika chaguzi za mji. Nilipopiga kura hapa kwa mara ya kwanza, nikiwa bado sina uraia, nilijihisi mwenyeji kwa namna ambayo miaka kumi ya kulipa kodi haikuwa imenipa. Lakini mama asijiandikishe popote bila kuhakikisha kwamba anaandikishwa kwa uchaguzi wa mji pekee, kwa sababu asiye raia akipiga kura katika uchaguzi wa taifa hujiweka katika hatari ya kufukuzwa nchini.

Kituo cha Metro kinachobeba jina letu kiko ng'ambo tu ya mpaka, upande wa Washington, na mitaa mingi ya hapa inakifikia kwa miguu, ingawa kuna vilima. Kabla ya kutia saini, njooni siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtembee pamoja na mama kutoka kwenye nyumba hiyo hadi kituoni. Mkiridhika, hakikisheni kwamba majina ya wazazi yameandikwa kwenye mkataba wa pango, kwa maana shule itauomba kama uthibitisho wa makazi, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo za watoto.